Mdaku wa Kitanda cha Tatu

Bisibisi alikuwa mtu mzima, mwenye mke, watoto wawili na funguo ishirini na mbili kiunoni, lakini kila alipoitwa chumba cha wagonjwa mahututi alisimama kwanza nje ya mlango, akafuta viatu mara tatu, akachomekea shati. Si kwamba aliwaogopa wagonjwa. Wagonjwa wa chumba kile walikuwa wamelala, hawana habari na mtu. Aliyemwogopa ni muuguzi mkuu wa chumba, ambaye kwa bahati nzuri au mbaya, mpaka leo watu hawajakubaliana, ndiye aliyemzaa mke wake.

Jina la Bisibisi alipewa na watu wa jiko la hospitali, kwa sababu alikuwa mwembamba, kichwa kimechongoka kidogo, na kila alipoingia mahali alianza kujizungusha akitafuta kilicholegea. Mwenyewe hakulichukia. Alisema heri aitwe bisibisi kuliko nyundo. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vifaa vyote vya hospitali vyenye waya, gurudumu au kelele. Karakana yake ilikuwa chini ya ngazi, na ndani mlikuwa na pampu zilizokata tamaa, feni iliyogeuza shingo upande mmoja tu, na kiti alichokalia yeye peke yake, maana yeye peke yake ndiye aliyejua kinakaliwaje.

Mama mkwe wake watu walimwita Sista Rula, naye akiwa hayupo. Akiwepo aliitwa Sista, basi. Katika chumba chake mashuka yalivutwa mpaka yakafanana na ukuta. Dripu zilining'inia kwa urefu mmoja. Kalamu za wauguzi zililala mezani zote zikitazama dirishani. Nyumbani kwake ndiyo usiseme: hata mifuko ya plastiki aliikunja pembetatu na kuipanga kwenye droo kwa rangi. Siku Bisibisi alipokwenda kujitambulisha kama mchumba, aliona vitambaa vya jikoni vimenyooka kuliko suti aliyovaa.

Kuna kosa alilolifanya mwaka wa kwanza wa ndoa. Alikuwa amekaa sebuleni kwa mama mkwe, akatazama saa ya ukutani, kisha saa yake ya mkononi, akasema kwa nia njema kabisa, "Mama, saa yako inakimbia dakika tano." Mama mkwe aliinuka, akaiteremsha ile saa, akaipeleka chumbani. Msumari ukabaki peke yake ukutani. Miaka sita sasa kila Jumapili Bisibisi anakula chakula akiutazama ule msumari. Tangu siku ile kazini alimwita Sista, nyumbani alimwita Mama, na kote kuwili alimwitikia ndiyo.

Sasa kuhusu Mdaku. Mdaku hakuwa mtu. Alikuwa mashine ndogo, ukubwa wa mkate, na jina lake la kwenye makaratasi ni kapnografu. Chumba kilikuwa na vitanda sita na Mdaku mmoja, kwa hiyo aliwekwa kwa mgonjwa mwenye hali mbaya kuliko wote. Kutoka kwake ulitoka mrija mwembamba kama utambi, ukaenda kujishika kwenye bomba la pumzi linaloingia kooni mwa mgonjwa. Hapo alinyonya hewa kidogo tu, akapima ile hewa chafu ambayo mtu huitoa mapafuni. Kila pumzi ikitoka, kwenye kioo chake lilichoreka umbo kama tofali: linapanda wima, linakwenda sawa juu, linashuka wima. Pumzi nyingine, tofali jingine.

Ukijua kuyasoma, matofali yale yalisema kila kitu. Mgonjwa akibanwa kifua, tofali lililala kama pezi la papa. Damu ikipoteza mwendo, matofali yalifupika. Mgonjwa akianza kuzinduka na kutaka kujipumulia mwenyewe, tofali lilipata pengo juu, kama limeng'atwa na panya. Na bomba likichomoka mahali pake, hakuna tofali tena, mstari unalala chini kama uzi uliodondoka. Mambo hayo aliyatoa papo hapo, wakati kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni bado hakijasikia lolote. Ndiyo maana Bisibisi alimpa jina la Mdaku. Hakuweza kukaa na siri hata pumzi moja.

Wakati huo Mdaku alikuwa kitanda cha tatu, kwa mpiga tarumbeta. Huyu alikuwa mtu mnene mwenye mashavu makubwa, mwenye pumu tangu utoto, na juu ya pumu vikamkuta vichomi. Alilazwa usingizi, mashine kubwa ya kupumulia ikawa inampumulia. Mkewe alikaa kwenye benchi nje ya mlango akifuma sweta, na kila aliyepita alimwambia kwamba mume wake ana mapafu ya kuamsha mtaa mzima, ni vile tu kwa sasa yamepumzika.

Basi kwa wiki mbili Mdaku akaanza vituko. Asubuhi, chumba kimetulia, ghafla mstari unalala, king'ora kinalia. Wauguzi wanakimbia. Wakifika, kifua cha mpiga tarumbeta kinapanda na kushuka kama kawaida, oksijeni nzuri, mapigo ya moyo mazuri. Wanamwita Bisibisi. Akifika anakuta wamekwisha kumvuta Mdaku hadi katikati ya chumba ili fundi apate nafasi, na mrija wameunyoosha asije akajikwaa. Anabadilisha mrija, matofali yanarudi, anashuka ngazi. Kesho yake, yale yale.

Mara tatu za kwanza walikimbia. Mara ya sita walitembea. Mara ya kumi nesi mmoja, msichana mcheshi ambaye hakuwa na hata mwaka kazini, alisema bila kugeuka, "Mdaku huyo. Mwiteni Bisibisi." Na kweli akaendelea kuandika.

Mgongo ule ndio uliomkera Bisibisi, kuliko zile ngazi. Mdaku anayelia watu wakampa migongo, alijiambia, ni sawa na kengele ya moto iliyovikwa soksi. Siku atakayokuwa na neno la maana, nani atageuka?

Ijumaa, baada ya mara ya kumi na moja, Sista alimsubiri mlangoni. Alikuwa amesimama wima kama kawaida yake, mikono nyuma.

"Fundi. Jumatatu saa nne hii mashine iende stoo. Siwezi kukaa na mwongo chumbani kwangu."

Bisibisi akaitikia ndiyo. Halafu akashuka karakanani, akakaa kwenye kiti chake, na kwa mara ya kwanza akaona aibu ya ile ndiyo. Mpiga tarumbeta akibaki bila Mdaku, bomba lake litalindwa na kibanio cha kidoleni, na habari za kidoleni huja zimechelewa. Alikuwa na Jumamosi na Jumapili za kumtetea rafiki yake asiyeweza kujitetea.

Akachukua daftari lake la wito. Bisibisi aliandika kila alipoitwa, siku na saa, kwa penseli, kwa sababu kalamu zake zote wauguzi waliziazima kwa kudumu. Akapitisha kidole. Mara zote kumi na moja ziliangukia kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Jumapili, hakuna. Jumapili ya pili, hakuna. Na Jumatano moja, hakuna. Akakuna kichwa kuhusu ile Jumatano, mpaka akakumbuka kwamba ndiyo siku mama mkwe wake alipokwenda kung'olewa jino.

Akafunga daftari. Akalifungua tena, labda maandishi yangebadilika. Hayakubadilika.

Jumamosi hakusubiri kuitwa. Saa tatu asubuhi alikuwa chumbani, kilio bado, Mdaku bado anachora matofali. Akapiga magoti akachungulia chini ya kitanda cha tatu, na hapo akaona kazi ya mikono. Mrija ule mwembamba, sehemu iliyozidi, ulikuwa umekunjwa pete saba zinazolingana, zimefungwa kwa utepe mweupe uliokatwa kwa mkasi pande zote mbili, na kubandikwa chini ya reli ya kitanda mahali ambapo mgeni hawezi kuuona ukamharibia mandhari. Ilikuwa kazi ya kupendeza. Na ndani ya pete ya chini kabisa lilikuwa limekaa tone la maji.

Akaelewa yote akiwa bado amepiga magoti. Pumzi ya mtu ina unyevu, ndiyo ile inayofanya ukungu kwenye kioo. Unyevu ukipita kwenye mrija unapoa, unakuwa maji, na maji kazi yake ni moja, kutafuta bondeni. Bonde lenyewe limetengenezwa pale, tena mabonde saba. Saa moja, saa mbili, maji yanajaa, Mdaku anavuta hewa anapata maji, anapaliwa, anapiga kelele. Wauguzi wanaunyoosha mrija kwa ajili ya fundi, na ushahidi unapotea. Kesho saa mbili asubuhi muuguzi mkuu anapita kunyoosha chumba, anaukuta mrija umezagaa, anaukunja upya. Mdaku hakuwa mwongo. Alikuwa ananyongwa kila siku kwa usafi.

"Umeangusha kitu, Fundi?"

Viatu vyeupe vilikuwa karibu na sikio lake. Bisibisi akainuka haraka, akagonga kichwa kwenye reli.

"Hapana, Sista. Nilikuwa natazama."

"Unatazama nini?"

Maneno yote yalikuwa tayari mdomoni. Lakini mbele ya macho yake akaona ukuta, msumari, hakuna saa.

"Usafi," alisema.

"Asante," alisema Sista, akaenda zake. Dakika arobaini baadaye Mdaku akalia, na nesi mcheshi akasema bila kugeuka lile lile alilozoea kusema.

Jioni Bisibisi alimweleza mkewe. Mkewe alikuwa muuza nguo za mtumba, na aliziuza kwa rundo, hakukunja hata leso. Alisema amezikunja za kutosha utotoni, sasa anapumzika. Alimsikiliza mumewe mpaka mwisho, akacheka mpaka akakaa chini. Bisibisi akamwomba amwambie yeye mama yake, kwa kuwa damu ni damu. Mkewe akasema yeye katika nyumba ile aliokoka kwa kuolewa, harudi tena kwenye mapigano. Halafu akaacha kucheka.

"Baba watoto, huyo mgonjwa akipata shida, utasema ulikuwa unamheshimu mkwe?"

Bisibisi alilala nalo hilo swali.

Jumapili walikwenda kula kwa mama mkwe kama kawaida. Bisibisi alikuwa amepanga kulisema kwa kuzunguka, kistaarabu, bila kumgusa mtu. Alisubiri watu wamalize kula, akakohoa, akaanza kusimulia habari za mpira wa kumwagilia bustani wa pale hospitalini. Alisema kuna mtu anaukunja mpira ule pete pete, vizuri mno, sasa maji yanabaki ndani ya zile pete, na kwa kweli mpira ungenyooshwa tu, ukapandishwa juu, ungefanya kazi yake vizuri. Akamaliza, akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa anatazama sahani huku mabega yakitikisika.

Mama mkwe alisikiliza kwa makini. Alipanguza midomo, akainuka, akamwambia Bisibisi amfuate uani. Kule alichukua mpira wake wa bustani na kumwonyesha, polepole, mara mbili, jinsi ya kuukunja ili pete zote zilingane na maji yasimwagike. Kisha akamfanya aukunje mwenyewe yeye akitazama. Bisibisi alirudi sebuleni amelowa mkono mmoja, na hakika alikuwa amejifunza kukunja mpira.

Jumatatu saa nne kasorobo alisukuma kitoroli hadi mlangoni. Mke wa mpiga tarumbeta aliinua macho kwenye sweta, lililokuwa limefika kwapani, akauliza kama hicho kitoroli ni cha mume wake. Bisibisi akamtoa wasiwasi. Akafuta viatu mara tatu, akachomekea shati, akaingia.

Alikuwa na wazo dogo la mwisho. Alimwambia Sista kwamba kifaa hakiwezi kupokelewa stoo bila fundi kuandika hali yake, hivyo anaomba kukijaribu kwa mrija mpya dakika kumi tu. Hilo lilikuwa kweli, na Sista alipenda sana mambo yanayoandikwa. Akakubali kwa kichwa. Bisibisi akakata ule utepe mweupe, akautoa mrija wa zamani pamoja na pete zake saba, akauweka kwenye sinia jinsi ulivyo. Mrija mpya akaupandisha moja kwa moja juu, akaufunga kwenye nguzo ya dripu, na Mdaku mwenyewe akamweka kwenye rafu ya juu. Hakuna bonde popote. Matofali yakaanza kupita kwenye kioo, moja baada ya jingine, yamenyooka hata Sista angeyapenda.

Wakati huo Sista na yule nesi mcheshi walikuwa wanambadilishia mpiga tarumbeta shuka. Ukimgeuza mgonjwa, mashine ya kupumulia hupiga kelele kwa kila kitu, kwa hiyo wauguzi huinyamazisha kwa dakika mbili. Ndivyo wafanyavyo wote. Walimgeuza kushoto, wakasukuma shuka la zamani, wakaingiza jipya. Walimgeuza kulia. Alikuwa mzito kama gunia la chumvi. Sista akashika pembe ya shuka, akaivuta ikanyooka, akaivuta tena kidogo, kwa sababu ilibaki mikunjo miwili.

Mstari wa Mdaku ukalala. Mdaku akalia.

"Huyo tena," alisema nesi, akimfunika mgonjwa miguu.

Sista alitazama kibanio cha kidoleni. Tisini na nane. Alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne kamili, saa ya stoo. Akanyoosha mkono kuelekea swichi ya Mdaku, bila hasira, kama mtu anayezima taa ya chumba alichokwisha kukisafisha.

Bisibisi aliutazama mrija. Ulikuwa mkavu kutoka mwanzo hadi mwisho. Aliufunga yeye. Hakukuwa na tone, hakukuwa na pete, hakukuwa na kitu cha kumsingizia.

"Mama," alisema.

Mle chumbani hakuwahi kumwita hivyo. Nesi aliacha shuka mkononi. Hata daktari wa zamu, jamaa mrefu aliyekuwa anaandika kitanda cha tano, aliinua kichwa.

"Mama, usizime. Si mashine. Mtazame yeye."

Sista Rula alimtazama Bisibisi. Ilikuwa muda mfupi sana, ila Bisibisi alipata nafasi ya kuona msumari mwingine ukipigiliwa mahali. Kisha akageuka akamtazama mpiga tarumbeta, kifua kwanza. Mashine ilisukuma pumzi. Kifua hakikupanda. Mashine ilisukuma tena. Kifua kimya, na kooni ukasikika mlio wa chini, kama mtu anayejaribu tarumbeta yenye maji.

"Bomba limetoka," alisema Sista. "Daktari."

Bisibisi alikuwa amemwona mama mkwe wake akikunja vitu kwa miaka sita. Hakuwahi kumwona akifanya kazi hii. Alilikanyaga shuka jipya kwa kiatu wala hakulitazama. Kabla daktari hajafika kichwani mwa kitanda, yeye alikuwa amekwisha kuitenga mashine, amekamata barakoa na mfuko wa kukamua pumzi. Daktari akatoa upepo wa kiputo kinachoshikilia bomba kooni, akalichomoa lile bomba, Sista akaibana barakoa usoni na kuanza kukamua. Kifua kikainuka. Sasa ndipo kibanio cha kidoleni kilipopata habari: tisini na tatu, themanini na nane, themanini na moja. Nesi aliyekuwa na utani wote alitoa vifaa kimoja kimoja kabla hajaagizwa. Namba ikasimama, ikaanza kupanda. Daktari alisubiri ipande ya kutosha, akainama, akatazama kooni, akapitisha bomba jipya.

"Fundi, unganisha," alisema Sista bila kugeuka. "Na unisomee."

Bisibisi akaushikiza mrija kwenye bomba jipya. Akatazama kioo. Uzi. Uzi bado. Kisha mstari ukapanda wima, ukaenda sawa juu, ukashuka.

"Tofali," alisema.

"Endelea."

"Tofali. La tatu hili. Limelala kidogo ubavu. La nne. La tano." Sauti yake ilikuwa imepanda, hakujua. "La sita, Mama. Limenyooka."

Daktari akafunga bomba kwa utepe, Sista akalikagua mara mbili, namba ya kidoleni ikarudi tisini na saba. Hapo tu ndipo mtu wa kwanza alipokaa chini, naye alikuwa Bisibisi, kwenye kitoroli cha stoo.

Daktari akatoka nje kuzungumza na mke wa mgonjwa. Sista akanawa mikono, akaikausha kidole kwa kidole, akaja kusimama mbele ya kitoroli.

"Na zile kumi na mbili za nyuma?"

Bisibisi alitazama viatu vyake. Vilikuwa safi.

"Zile zilikuwa maji."

"Maji ya wapi?"

Akainuka, akachukua kwenye sinia ule mrija wa zamani wenye pete saba, akampa. Sista aliuinua kwenye mwanga wa dirisha, akauinamisha. Tone likateleza kutoka pete moja hadi nyingine. Akauinamisha upande mwingine, tone likarudi. Alifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nesi mcheshi alikumbuka kwamba ana kazi ya haraka kitanda cha sita.

"Hizi ni pete zangu," alisema Sista.

"Ndiyo, Mama."

"Ulijua tangu lini?"

"Jumamosi."

"Na hukusema."

"Nilisema jana. Nilisema kwa mpira wa bustani."

Pembe moja ya mdomo wa Sista ilitikisika, ikatulia. Alipoongea alikuwa ameshusha sauti, na haikuwa sauti ya mkwe wala ya mkubwa wa kazi.

"Mgonjwa wangu hana muda wa mpira wa bustani. Huyu mashine asiye na mdomo ana adabu kukuzidi. Akiona, anasema pale pale." Akaliweka lile tone na pete zake kwenye pipa la taka. "Mdaku abaki. Kitoroli chako kiondoe, kimekaa upande."

Bisibisi alikuwa amefika katikati ya ngazi ndipo alipogundua kwamba Sista amesema Mdaku. Watu wote walidhani halijui lile jina.

Kesho yake saa nne aliitwa. Alifuta viatu, ila mara moja tu, maana alikuwa na haraka. Akamkuta mama mkwe amesimama juu ya stuli na pima maji ya waashi mkononi. Alikuwa ametengeneza vishikizo vidogo, vyote vya ukubwa mmoja, na anavipachika kila baada ya shubiri moja kutoka kitandani hadi kwenye rafu, ili mrija upande mfululizo bila kushuka popote. Kila kitanda kingepata vishikizo vyake, Mdaku awepo asiwepo.

"Shika huku, mkwe," alisema.

Bisibisi akashika. Akatazama. Kishikizo cha nne kilikuwa kimeshuka kama unene wa kucha.

"Mama, cha nne kimeshuka."

Wauguzi wawili waliacha walichokuwa wanafanya. Sista akaweka pima maji, akatazama kiputo chake, akakipandisha kishikizo. Kazi ikaendelea.

Mpiga tarumbeta alitolewa bomba siku ya tisa baada ya hapo. Sauti yake ilikuwa kama msumeno, na swali lake la kwanza lilikuwa ni nani alimpeleka kwenye eneo la ujenzi, kwa sababu katika usingizi wake alimsikia mtu akipiga kelele matofali, la tatu, la nne, na yeye hakuweza kuinuka kumsaidia kuyapanga. Mkewe alimvika sweta pale pale. Lilimpwaya, maana alikuwa amepungua, lakini mkewe alisema mashavu yakirudi, na mengine yatarudi.

Jumapili Bisibisi, mkewe na watoto wakaenda kula kwa mama mkwe. Bisibisi aliketi mahali pake, akainua macho kuutazama msumari kama kawaida, na msumari haukuwa peke yake. Saa ilikuwa imerudi ukutani. Imefutwa vumbi, imenyooka, inakwenda. Alitazama saa ya mkononi. Akatazama tena ukutani. Dakika tano mbele, vile vile kama miaka sita iliyopita.

Mkewe alimkanyaga mguu chini ya meza. Watoto walikuwa wanakula. Mama mkwe alikuwa ameweka kijiko chini, kimenyooka, na anamtazama.

Bisibisi alimeza tonge.

"Mama," alisema, "saa inakimbia dakika tano."

"Najua," alisema mama mkwe, akachukua kijiko chake. "Nilitaka kuona itakuchukua muda gani."